Siku 90 Bila Jembe

Nazungumza nawe kutoka kijiji cha Raila, hapa Kibera. Kama uko kwenye matatu ya 46 unarudi Kawangware, kama uko Makina unafunga duka, kama umeketi mlangoni na mtungi wako ukingoja mfereji urudishe maji, nakuomba dakika zako chache. Leo tuzungumze juu ya kuvuka mpaka kutafuta kazi. Sitaanzia Ulaya wala Uarabuni. Nitaanzia Namanga, ambako ukitoka hapa alfajiri, ukapita Kitengela, Isinya na Kajiado, unafika kabla jua halijawa kali.

Walinijia ndugu wawili, tumbo moja, majirani zangu niliowaona wakikua. Mkubwa ana Probox anayobebea watu na mizigo. Mdogo ni fundi wa simu. Kibanda chake kiko Kawangware, upande wa Congo, na ukimpelekea simu iliyotumbukia kwenye karai la nguo atakurudishia inaongea. Majina yao nitayaacha, na mji walioulenga nitauacha pia, kwa sababu utakayoielewa mbele. Walikuja jioni na mkate na pakiti ya maziwa, kama vijana waliolelewa, wakaniambia: “Mzee, shangazi yetu aliyeolewa Tanzania anasema huko kazi zipo. Tunaondoka Ijumaa. Tumekuja kuomba baraka.”

Baraka nikawapa. Halafu nikawaomba waweke mezani kila kitu wanachosafiri nacho. Mdogo akafungua mkoba: bisibisi ndogo zilizopangwa kwa ukubwa kama vidole vya mkono, chuma cha kulehemu, kifaa cha kupuliza hewa moto, miwani ya kukuzia, na kopo la majani ya chai lililojaa skrubu zilizo ndogo kuliko punje ya ulezi. Kitambulisho cha taifa alikuwa nacho. Pasipoti hakuwa nayo. Mkubwa akatoa pasipoti, leseni, na nakala ya logibuku ya gari. Nikaisogeza karibu na taa. Logibuku ilikuwa na majina mawili: lake, na la chama cha akiba na mikopo kilichomkopesha fedha za kununulia gari.

Nilipoanza kuuliza maswali, mdogo akanikatiza kwa heshima. “Mzee, kwani si Afrika Mashariki ni moja?”

Msikilizaji, nimekaa na swali hilo siku nyingi. Ndilo lililonileta hapa leo.

Tuseme ukweli wa pande zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja. Ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 7 inazungumzia watu kusafiri kwa uhuru, ya 10 wafanyakazi kwenda kufanya kazi, ya 13 raia wa nchi moja kufungua biashara katika nchi nyingine, ya 14 haki ya kuishi huko. Ukizisoma ibara hizo peke yake, unaweza kufunga mzigo usiku huohuo. Lakini itifaki ina viambatisho, na katika viambatisho kila nchi iliandika orodha yake: kazi zipi imezifungulia majirani, na kuanzia lini. Tembeza kidole kwenye orodha hizo utaona kwamba nyingi ni kazi za watu wenye shahada na vyeti vya taaluma. Tanzania iliifunga yake kuliko sisi. Fundi wa simu aliyejifunza kwa kukaa miaka kando ya fundi mwenzake hana mstari anaoweza kuuonyesha aseme, mimi ndiye huyu.

Kwa hiyo mwili wake unavuka. Kazi yake haivuki.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mtu akikaa bila kushika kazi anakuwa mzigo kwa mwenyeji na aibu kwake mwenyewe. Sheria ya mpakani imegeuza mambo. Mkenya akiingia Tanzania halipi viza. Hugongewa muhuri wa mgeni wa siku 90. Siku 90 za kukaa, kula, kutembelea shangazi, kutazama Mlima Meru. Ukishika jembe tu, hata siku ya 2, umevunja sheria.

Nendeni Namanga mkaone jambo hilo linavyotendeka. Kile kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli ni kizuri, nakisifu. Zamani ulipanga foleni upande huu, ukatembea kwa miguu na mzigo, ukapanga foleni tena upande wa pili. Sasa maafisa wa nchi zote mbili wanakaa ukumbi mmoja, upande unaoingia: huyu anakuaga, yule anakupokea. Wanatazama pasipoti yako, au hati ya muda ya kusafiria kama huna pasipoti. Kitambulisho cha taifa hakitoshi. Tangu 2014 kinakuvusha kwenda Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Wanatazama kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Halafu linakuja swali: “Unaenda kufanya nini?”

Na watu wetu hujibu neno moja. “Kutembea.”

Hapo ndipo panaponiuma. Kijana ana ujuzi mikononi, ana mkoba wa vifaa begani, ana hamu ya kufanya kazi halali, na hatua yake ya kwanza katika nchi ya watu inakuwa uongo. Si kwamba ni mwongo. Amefundishwa kwamba akisema ukweli atarudishwa. Kuanzia siku hiyo ataishi na lile neno. Mwenye duka akimdhulumu mshahara, atakwenda kushtaki wapi? Atasema alikuwa anatembea?

Njia ya halali ipo, na ni lazima niieleze ilivyo. Tanzania humtaka mgeni anayeajiriwa awe na karatasi 2: kibali cha kazi kutoka kwa mamlaka ya kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, daraja B. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa yule mgeni. Kwa kampuni ya kuchimba dhahabu inayomleta mhandisi, hayo yanawezekana: ina mawakili, ina ofisi, ina subira. Kwa mwenye kibanda cha simu anayetaka fundi wa kumsaidia, ada na makaratasi yanazidi faida ya kibanda kizima. Hata itifaki yenyewe haikumsahau mtu wa kazi ya muda mfupi: mwenye mkataba usiozidi siku 90 anaruhusiwa kuomba pasi maalumu. Lakini nayo huombwa na mtu mwenye mkataba, na fundi wetu ana neno la shangazi tu.

Halafu, Julai 2025, mlango uliokuwa umeegeshwa ukafungwa kwa komeo. Wizara ya Viwanda na Biashara ya Tanzania, chini ya waziri Selemani Jafo, ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zimo biashara za rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, saluni, usafi wa majumba na ofisi, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini, kununua mazao shambani, na hata kuanzisha redio. Na imo, kwa maneno yaliyo wazi, kazi ya kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi za Tanzania milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chako kufutwa. Raia anayemsaidia mgeni kukwepa amri hiyo naye ana adhabu yake, kwa hiyo shangazi pia anahusika.

Serikali yetu ililalamika, ikasema amri hiyo inakwenda kinyume cha itifaki. Nakubaliana nayo. Lakini nakataa kuungana na wanaowatukana Watanzania. Amri ile ilitokana na malalamiko ya siku nyingi ya wafanyabiashara wadogo, hasa wa soko la Kariakoo, waliokuwa wanaona wageni wenye mitaji mikubwa wakishuka mpaka kwenye uchuuzi. Muuza bidhaa wa masoko yetu ya Toi au Gikomba angelalamika vilevile, na amewahi kulalamika. Kosa la amri ile, kwa maoni yangu, ni kwamba ilitupa wavu mmoja kwa samaki wote: aliyekuja na makontena, na aliyekuja na kopo la skrubu.

Na sisi je? Tarehe 28 Novemba 2017, pale Kasarani, Rais Kenyatta alipoapishwa mara ya pili alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo Mwafrika Mashariki yeyote anaweza kuishi, kufanya kazi, kufanya biashara na kuoa au kuolewa Kenya kwa kitambulisho chake tu, bila kungoja nchi yake itufanyie hivyohivyo. Nilipiga makofi. Lakini muulize kijana wa Burundi anayezunguka Kawangware na njugu zake, mchana kutwa kwa miguu, kama tangazo lile limewahi kumfikia. Nimemnunulia njugu mmoja wao mara nyingi. Akiona sare yoyote, hata ya mlinzi wa lango, anakunja kona. Tangazo la rais haliandikwi kwenye kitambulisho cha mtu. Anayekutana na askari saa 12 jioni anahitaji karatasi.

Sisi wa Kibera hasa hatuna ruhusa ya kusahau mambo haya, maana mtaa huu umezaliwa na mpaka. Jina Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari wa kikosi cha King's African Rifles; walivuka kwa kazi, kazi ya bunduki, na walipomaliza kutumika wakawekwa hapa. Waliambiwa kaeni, hati hawakupewa. Wajukuu na vitukuu wao wamesimama mbele ya kamati za uchunguzi kuthibitisha Ukenya wao ili wapate kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika haki ya uraia. Hati ya ardhi ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 100 tangu babu avuke.

Tazama pia reli inayopita katikati yetu. Njia hiyohiyo iliendelea mpaka Uganda, na iliwapeleka baba zetu kufanya kazi Kampala na Jinja kama watu wanaokwenda shamba la jirani. Oktoba 1970 serikali ya Uganda chini ya Milton Obote ikawafukuza maelfu ya vibarua Wakenya, wengi wao Waluo, wakarudi na mabegi yao. Miaka 7 baadaye Jumuiya ya kwanza ikavunjika, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Nyuma zaidi kulikuwa na kipande, kile kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuanza kushikwa kwa nguvu baada ya ile Vita ya Kwanza ya Dunia: mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na ndani yake mwajiri ameandika amemwajiri lini na kumlipa kiasi gani. Hakuweza kuacha kazi bila sahihi. Mpaka leo wengi wetu hapa kitambulisho tunakiita kipande. Neno halikufutika, kwa sababu tunalijua lilivyokuwa linalemea shingo.

Narudi kwenye meza yangu, kwenye ile logibuku.

Mkubwa alidhani gari ndilo jambo rahisi. Barabara ni lami, huku na huko tunaendesha upande wa kushoto, Probox imejaa mafuta, basi. Nikamwambia: ndugu yangu, gari nalo ni msafiri, nalo lina hati zake. Kwanza ni logibuku. Kama gari si lako peke yako, mwenzako aliyeandikwa humo lazima atoe barua ya kukuruhusu kulitoa nchini, na chama kinachokudai hakina haraka ya kuandika barua hiyo, maana gari ndilo dhamana yake. Pili ni bima. Bima ya Kenya peke yake haitoshi kule. Unahitaji ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaipokea ingawa si mwanachama wa COMESA. Kwa hiyo mtu anayevuka kwa gari anatakiwa kuwa na kadi mbili za njano, moja ya damu yake na moja ya gari lake, na nimeona watu wakionyesha moja wakidhani wameonyesha zote. Tatu ni forodha. Gari hupewa kibali cha kuingia kwa muda, unalipia ada za barabara, na karatasi inaandikwa siku ambayo lazima liwe limetoka.

La nne ndilo lililomvunja moyo. Gari lililoingia kwa kibali cha muda haliruhusiwi kubeba abiria wala mizigo ya kulipiwa ndani ya nchi ile. Ni gari la kutembelea. Namba za Kenya, zikionekana zinapakia watu stendi, zinajipeleka zenyewe polisi. Sasa yeye alikuwa anakwenda na Probox kufanya nini, kama si kubeba watu?

Akaniuliza, je, akilihamisha kabisa, likapata namba za Tanzania? Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa na neno soko la pamoja. Ushuru wa forodha wa kuingiza gari kutoka Japani una kiwango cha pamoja cha Jumuiya, asilimia 25 ya thamani yake, ingawa nchi huweza kuruhusiwa kutoza tofauti. Lakini ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani kila nchi hujipangia: hiyo ya ongezeko la thamani sisi ni asilimia 16, Tanzania na Uganda 18. Umri wa gari nao kila mtu na lake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda inakubali mpaka 15. Gari likishaandikwa “lililipiwa Mombasa”, usidhani kila ofisi ya forodha italisoma hivyo. Ipo nafuu katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 kwa mtu anayehamisha makazi yake kweli: vyombo vya nyumbani, na gari 1 alilolimiliki na kulitumia yeye mwenyewe kwa miezi isiyopungua 12. Nafuu hiyo ndiyo inayowafaa Wakenya wanaorudi kutoka Uingereza au Ghuba na magari yao, nayo ina masharti yake ya miaka ya kukaa nje. Inamfaa mtu mwenye kibali cha ukaazi mkononi na logibuku yenye jina lake peke yake. Jirani yangu hakuwa na kimojawapo.

Kodi nitaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayokuja kumfuata mtu baadaye, wakati ameshasahau. Ukipata kazi ya mkataba Tanzania, mwajiri anakukata kodi ya mshahara kama anavyomkata Mtanzania, mradi umekuwa mkaazi kwa hesabu ya kodi. Siku 183 ndani ya mwaka zinatosha kukufanya mkaazi. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi, shilingi zao, hazikatwi. Wakati huohuo Kenya ina kipimo chake: ukiwa na makao ya kudumu hapa na ukakanyaga nchi hata kwa siku chache ndani ya mwaka, bado inakuhesabu mkaazi, na mshahara wako wa nje unahusika. Mkataba wa nchi za Jumuiya wa kuzuia mtu asitozwe mara mbili ulitiwa sahihi mwaka 2010 na mpaka leo haujaanza kutumika. Kinachokuokoa ni kwamba sheria yetu inamruhusu raia apunguziwe kodi aliyokwisha kulipa huko kwenye ajira. Lakini utathibitishaje bila karatasi? Tunza kila hati ya makato. Na kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni peleka ripoti yako KRA, mamlaka yetu ya kodi, hata kama hukuingiza senti hapa Kenya; PIN haijui kwamba umesafiri, na faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000.

Akiba ya uzeeni nayo inaniuma. Kenya tuna NSSF, Tanzania wana NSSF, Uganda wana NSSF. Herufi zilezile 4, na fedha za mfanyakazi hazihami kutoka moja kwenda nyingine. Mtu akifanya kazi miaka 6 Nairobi, 6 Arusha na 6 Kampala, anazeeka na vipande 3 vya akiba katika miji 3. Ajabu ni kwamba fedha za mfukoni tulishazifungulia njia: tangu 2015 unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda M-Pesa ya Tanzania ukiwa umekaa kitandani. Kilichowezekana kwa shilingi mia 5 za shangazi hakijawezekana kwa jasho la miaka 6.

Najua wengine mnauliza, kwa nini usiwaambie vijana waende Saudia au Qatar? Wengi wameshakwenda kutoka mtaa huu, hasa mabinti. Ni kweli kule mshahara haukatwi kodi ya mapato. Lakini hesabu ya mshahara isikufumbe macho. Katika mpango wa kafala makazi yako yamefungwa kwa mtu mmoja, kafili, na yale mabadiliko ya sheria ya Saudia ya Machi 2021 yaliyowawezesha wafanyakazi kuhama mwajiri yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Binti yako akienda, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, amesoma mkataba wake kabla ya kutia sahihi, na nakala yake imebaki kwako wewe mzazi. Hilo lina siku yake. Leo sitalipunja kwa kulisema nusu.

Ninachokitaka kutoka kwa wakubwa wetu ni kitu kidogo chenye jina. Katika orodha za itifaki pawe na mstari wa mafundi. Hapa Kenya NITA inampima fundi na kumpa cheti cha daraja, na tangu 2024 tuna sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata bila kukaa darasani. Tanzania nako VETA wana mitihani yao ya ufundi. Vyombo hivyo vikae meza moja, cheti cha huku kisomeke kule na cha kule kisomeke huku, na mwenye cheti apewe kibali cha bei anayoiweza kwa miaka 2 ya kwanza. Awe na haki ya kulipa kodi, kushtaki akidhulumiwa, na kujibu ukweli pale dirishani Namanga. Mafundi wa Tanzania nao waje kwetu kwa mlango huohuo. Kuna maseremala na mafundi cherehani wao ambao Kawangware ingewapokea kesho. Kijiji chetu kinabeba jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wetu kwa miaka 20, na ambaye kabla ya kututoka Oktoba 2025 alikuwa amewahi kuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika wa miundombinu, akizungumzia barabara kuu za kuunganisha nchi zetu. Barabara zimekuja. Lami ya kwenda Arusha ni nzuri. Waliobaki ni wenye kuipita kwa kazi.

Wale ndugu wawili hawakuondoka Ijumaa ile. Mkubwa aliahirisha, na nashukuru. Probox yake bado naisikia asubuhi ikipasha moto, na mkopo umebaki miezi michache. Mdogo alingoja wiki chache, akapata pasipoti, akapiga chanjo, akaenda na basi. Kule Namanga alijibu kama wote wanavyojibu. Sasa ameketi kwenye duka la mtu, anatengeneza simu. Alinipigia juzi kwa furaha, akaniambia wateja wamemzoea, wanamwita Mkenya. Nikamuuliza muhuri ni wa lini. Akanyamaza, akaenda kutazama. Kwa hesabu yangu, leo ni siku ya 71.

Kijana wangu, najua unanisikiliza kwenye simu, uliniahidi. Zungumza na huyo mwenye duka leo, si kesho. Mwombe akuandikie mkataba na mwende pamoja ofisi ya kazi mkaulize, kwa midomo yenu, kama ipo njia ya wewe kuajiriwa kihalali. Wakisema ipo, anzeni. Wakisema haipo, funga mkoba, panda basi, rudi Namanga kabla ya siku ya 90, ugongewe muhuri wa kutoka ukiwa mtu safi. Kibanda chako cha Kawangware nimemwambia mwenye nacho asikipangishe mpaka mwisho wa mwezi.